Makala Kamili Maktabani: Mwongozo wa Kutafuta na Kusoma kwa Ruhusa, kwa Wakutubi wa Unguja na Pemba

Maktaba inafungua chombo kipya cha kutafutia makala za kitaaluma. Mwanafunzi anaandika neno lake, majibu elfu yanatoka, anabonyeza la kwanza, anakutana na ikisiri na kitufe cha kulipa kwa dola. Anajaribu la pili, hali ni ile ile. Anarudi kwenye kundi la WhatsApp kuomba PDF, na chombo kile hakiguswi tena.

Tatizo hili huletwa na mpangilio. Chombo cha kutafutia kinaonesha kilichopo duniani. Leseni ndiyo inayosema kipi mnaruhusiwa kukisoma. Maktaba nyingi huanza na chombo, leseni zikaziacha mwisho. Hapa tunaanza na ruhusa, chombo kinafuata. Nimemkusudia mkutubi wa chuo, hospitali au taasisi ya utafiti mwenye wasaidizi wachache na bajeti finyu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua pepe yenye jina la taasisi (.ac.tz, .go.tz au .or.tz). Anwani binafsi huchelewesha usajili, kwa sababu mchapishaji hana njia ya kujua kama kweli unaiwakilisha taasisi.
- Idadi ya wanafunzi na wafanyakazi, kila kampasi mbali mbali.
- Afisa TEHAMA anayeweza kuingia kwenye ruta.
- Nakala za leseni zote mlizowahi kusaini. Zitafute afisi ya uhasibu na kwa mwanasheria pia, maana maktaba mara nyingi haibakiwi na nakala.
- Simu yenye bando lake, isiyounganishwa na mtandao wa chuo. Utaihitaji kwenye majaribio.
- Jadweli moja la Excel. Kila jarida mstari wake: jina, ISSN (namba ya utambulisho ya jarida), linatoka wapi, tangu mwaka gani hadi mwaka gani, nani anaruhusiwa.

Jadweli hilo litakusaidia kuliko programu yoyote ghali. Lianze leo.

## Hatua ya 1: Ijue anwani mnayotokea mtandaoni

Wachapishaji wengi huitambua taasisi kwa anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye intaneti. Ukiwapa anwani isiyo sahihi, mlango haufunguki hata kama mmelipa kila senti.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni hili: mkutubi anafungua mipangilio ya kompyuta yake, anaona 192.168.1.25, anaituma kwa mchapishaji. Hiyo ni anwani ya ndani ya jengo. Kompyuta nyingi mno duniani zina anwani hiyo hiyo. Kila inayoanza na 10 au 192.168, na zile za 172.16 hadi 172.31, ni za ndani na hazina maana nje.

Fanya hivi. Kwenye kompyuta ya maktaba fungua tovuti inayoonesha anwani yako ya nje, uiandike. Kisha mwombe afisa TEHAMA asome kwenye ruta anwani iliyotolewa na kampuni ya intaneti. Zikilingana, vizuri. Ruta ikionesha namba kati ya 100.64 na 100.127, kampuni inawapitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja. Usiisajili. Utakuwa umewafungulia watu msiowajua makala mlizolipia ninyi, na huko ni kuvunja leseni. Andikieni kampuni muombe anwani ya nje isiyobadilika, iliyo yenu peke yenu. Kwa kawaida huwa na malipo yake ya ziada, kwa hiyo iwekeni kwenye bajeti.

Kama mna kampasi Unguja na nyingine Pemba, rudia zoezi zima Pemba. Kampasi mbili zenye huduma mbili za intaneti zina anwani mbili, na ukisajili ya Unguja pekee wenzetu wa Pemba watabaki nje bila kujua kwa nini.

Umefanikiwa ikiwa: umezima ruta, umeiwasha, umepima tena siku ya pili, na anwani ni ile ile.

## Hatua ya 2: Chukua kwanza kisicholipiwa

Usisaini chochote kabla ya kujua mnaweza kupata nini bila malipo. Ni kingi, na kitakupa nguvu utakapokaa na muuzaji.

Anza na DOAJ, orodha ya majarida huria (yanayosomeka bure) iliyoanzishwa 2003. Ongeza PubMed Central kwa afya na AJOL kwa majarida ya Afrika. Watafiti wa bahari wasikose Western Indian Ocean Journal of Marine Science, jarida huria la WIOMSA, jumuiya yenye makao yake hapa Zanzibar. CORE hukusanya makala kutoka hazina za vyuo vya dunia nzima. Kiongezo cha kivinjari kinachoitwa Unpaywall hutafuta nakala halali ya bure ya makala uliyoifungua; ikipatikana, alama ya kufuli ya kijani hutokea pembeni.

Jihadhari na mambo mawili. AJOL si huria yote: baadhi ya majarida yake makala zake hulipiwa. La pili ni zito zaidi, nalo ni kwamba kusomeka bure hakumaanishi ruhusa ya kunakili. Tazama leseni iliyoandikwa kwenye makala yenyewe (CC ni kifupi cha Creative Commons, leseni huria zinazotumika sana):

- CC BY: chapisha, gawa, weka kwenye kitini cha somo, tafsiri. Mtaje mwandishi na leseni.
- CC BY-NC: hivyo hivyo, ila si kwa biashara. Kitini cha kuuzwa dukani kiombeeni ruhusa.
- CC BY-ND: nakili kama ilivyo. Tafsiri huruhusiwi kuisambaza.
- Hakuna leseni iliyotajwa: soma, na mpe mwenzako kiungo. Usiipakie kwenye tovuti ya chuo.

Hiyo ND inatuhusu sana. Afisa ugani anayetaka kuwatafsiria wakulima wa mwani wa Paje makala kuhusu magonjwa ya mwani anaweza kuieleza kwa maneno yake mwenyewe, maana maarifa hayana mwenye kuyafunga. Ila akitafsiri makala yenyewe na kuigawa, lazima kwanza amwandikie mwenye haki. Wengi hukubali wakiombwa vizuri.

## Hatua ya 3: Omba mnachostahiki

Research4Life ni mpango unaowapa wasomaji wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati majarida ya wachapishaji wakubwa. Ndani yake mna Hinari ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Tanzania imo kundi A, yaani taasisi inayostahiki hailipi. Vyuo, hospitali za kufundishia, taasisi za utafiti, afisi za serikali na maktaba za taifa huweza kuomba.

Kabla ya kuomba, uliza ndani ya nyumba. Huenda taasisi ilisajiliwa zamani na neno la siri limestaafu na mkutubi aliyetangulia. Andika kwa mpango wenyewe wakubadilishie msimamizi; ni haraka kuliko kuanza upya.

Vyuo viulize pia kuhusu COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, unaoshirikiana na EIFL, shirika la kimataifa linalosaidia maktaba, katika kujadili bei na masharti. Chuo kidogo kikienda peke yake kwa mchapishaji mkubwa hakisikilizwi sana. Kikienda na umoja kinasikilizwa.

Onyo: makala za Research4Life hufunguka ukipitia kwenye lango lake. Mwanafunzi akiibuka moja kwa moja kwenye tovuti ya mchapishaji kutoka Google, ataombwa pesa na atasema mpango haufanyi kazi. Liandike hili kwenye karatasi, libandike juu ya kila kompyuta.

Na neno la siri lisipelekwe kwenye kundi lolote la WhatsApp. Likivuja na kutumiwa hovyo, taasisi nzima inaweza kufungiwa.

Umefanikiwa ikiwa: ukiingia langoni unaona orodha ya majarida yenye alama ya kuruhusiwa, nawe umeyahamishia kwenye jadweli lako. Wachapishaji wana hiari ya kuchagua nchi gani wazifungulie nini, basi orodha hiyo ikague upya kila mwaka.

## Hatua ya 4: Isome leseni kabla ya saini

Hapa usiende mbio. Mchapishaji hutuma mkataba ukiwa umepambwa kana kwamba umekwisha, na afisi ya fedha hutaka utiwe saini haraka kabla mwaka wa bajeti haujafungwa. Mkataba haujaisha mpaka saini yenu iwepo, na kila kifungu kinaweza kujadiliwa. EIFL wana mfano wa leseni unaopatikana wazi. Uweke pembeni ulinganishe.

Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003. Ile ya Tanzania Bara ya 1999 haitumiki huku. Mwanasheria wa taasisi aanze na sheria sahihi. Lakini kwa makala za kidijitali kitakachotolewa mezani kwanza siku ya mgogoro ni mkataba mliosaini, na huo unaweza kuwanyima hata jambo ambalo sheria ingewaruhusu.

Nani anaruhusiwa. Tafuta kifungu cha watumiaji walioruhusiwa. Je, mwalimu wa muda yumo? Mtafiti mgeni? Muuguzi wa hospitali wanakofanyia mazoezi wanafunzi wenu? Mwalimu wa skuli ya jirani anayekuja kusoma jioni? Ombeni iandikwe waziwazi kwamba kila mgeni anayesoma ndani ya jengo la maktaba anaruhusiwa. Wachapishaji wengi wanalikubali hili likiombwa mapema.

Wapi. Leseni nyingi huuzwa kwa idadi ya maeneo, na eneo hufasiriwa kuwa kampasi moja au mji mmoja. Kwa tafsiri hiyo Unguja na Pemba ni maeneo mawili. Msipoliona mapema, ama Pemba itafungiwa ama mtaletewa ankara ya pili katikati ya mwaka. Andikeni: "Leseni hii inahusu kampasi zote za taasisi, Unguja na Pemba, pamoja na watumiaji walioruhusiwa wakiwa nje ya kampasi." Sehemu ya mwisho ndiyo inayomwezesha mwanafunzi wa dakhalia, au aliyerudi kwao Micheweni likizo, kuendelea kusoma.

Kufanya nini. Kuchapisha, kuhifadhi nakala ya kujisomea, kuweka kwenye mfumo wa masomo wa chuo, kutengeneza kitini, kuipelekea maktaba nyingine nakala moja. Kila kimoja kitajwe. Kisichotajwa mchapishaji atasema hakikuruhusiwa.

Mashine. Kifungu hiki kimeanza kuonekana kwenye mikataba mingi, nacho kinazuia kupakia makala kwenye programu za akili bandia au kuzichambua kwa wingi kwa kompyuta. Wanafunzi wanafanya hivyo kila siku: wanashusha PDF na kuipa programu iwafupishie. Msisaini marufuku ya jumla ambayo hamwezi kuisimamia. Ombeni iruhusiwe kwa utafiti na masomo, kwa sharti kwamba makala haibaki kwenye mfumo huo wala haitumiki kuufundisha. Mchapishaji akikataa kabisa, basi waambieni watumiaji wazi: makala za CC BY zinaruhusiwa, za mchapishaji fulani haziruhusiwi.

Baada ya kuacha kulipa. Miaka mliyoilipia inabaki yenu, au mlango unafungwa siku ile ile? Angalieni pia kama mkataba unajirefusha wenyewe, na ni siku ngapi kabla mnatakiwa kutoa taarifa ya kujitoa. Wekeni kikomo cha bei kupanda kwa mwaka.

Yaliyobaki ni mafupi. Kifungu kinachosema kesi itasikilizwa Uingereza au jimbo fulani la Marekani ombeni kifutwe, mkataba ukae kimya. Cha kuficha bei kikataeni, hasa taasisi za umma. Na muulize muuzaji anakusanya taarifa gani za wasomaji, nani anazipata.

Jambo moja la mwisho: kubonyeza "Nakubali" kwenye tovuti nako kunaweza kuifunga taasisi. Mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kufanya hivyo.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kumjibu mwanafunzi yeyote kwa ndiyo au hapana anapouliza, "Naweza kufanya hivi na makala hii?"

## Hatua ya 5: Kifahamishe chombo mlicho nacho

Sasa tu ndipo chombo kinaingia. Maktaba ndogo haihitaji kununua. Koha inayoendesha katalogi, ukurasa mmoja wenye viungo vya Hatua ya 2 na ya 3, na Google Scholar, vinatosha kuanzia. Mwenye bajeti atapelekewa vyombo vya kulipia kama EBSCO Discovery Service, Primo au Summon.

Chochote mtakachochagua, kipe orodha ya mnachomiliki. Wachapishaji huitoa kwa muundo unaoitwa KBART, faili la jadweli linaloonesha kila jarida na miaka yake. Angalia safu ya zuio, yaani kipindi ambacho matoleo yake hayafunguki kwenu. Ikiandikwa P1Y, mnapata kila kitu isipokuwa mwaka mmoja wa mwisho. R1Y ni kinyume chake: mnapata mwaka mmoja wa karibuni tu. Kutoelewa herufi hizi mbili ndiko kunakozalisha malalamiko ya "jarida tunalo lakini makala haifunguki".

Kwa wanaosoma nje ya kampasi mnahitaji proksi (seva ya taasisi inayompitisha msomaji) kama EZproxy, au huduma ya OpenAthens. Mwanafunzi anaingia kwa namba yake ya usajili, na mchapishaji anaiona taasisi. Anayemaliza masomo aondolewe siku anayohitimu.

## Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kutangaza

Chagua makala 10: tatu huria, tatu mlizolipia, mbili zilizo ndani ya zuio, mbili msizomiliki kabisa. Zifungue zote kwenye kompyuta ya maktaba, kisha kwenye simu yenye bando lake, kisha mwenzako wa Pemba azifungue kwake.

Huria zote zifunguke popote. Mlizolipia zifunguke kampasini, na kwenye simu baada ya kuingia kwa proksi. Zile mbili za zuio zioneshe ujumbe kwamba toleo hilo bado, zisimpeleke msomaji kwenye malipo. Zile msizomiliki zimpeleke kwenye fomu ya kumwomba mkutubi msaada, wala asikute ukurasa mtupu.

Ikiwa makala msiyoilipia imefunguka, usifurahi. Ama ni huria, ama anwani yenu inachangiwa na taasisi nyingine. Rudi Hatua ya 1.

## Hatua ya 7: Wafundishe watu kutafuta ndani ya matini

Kutafuta ndani ya makala nzima kuna neema na usumbufu wake. Neno likitajwa mara moja kwenye orodha ya marejeo, makala inatokea. Mwanafunzi anaandika Pemba na kuletewa bahari ya majibu, mengi yakihusu mji wa Pemba ulioko Cabo Delgado, Msumbiji, na mengine waandishi wenye jina hilo.

Wafundishe kwa mfano wa kichocho, maana utafiti wake hapa kwetu ni mwingi na sehemu kubwa ni huria. Duru ya kwanza watafute kwenye kichwa na ikisiri tu:

schistosomiasis AND (Zanzibar OR Unguja OR Pemba) NOT Mozambique

Watahadharishe kwamba NOT hukata hata makala nzuri inayozilinganisha nchi mbili. Waitumie duru ya kwanza, waiondoe ya pili.

Duru ya pili ndiyo raha ya matini kamili. Majina ya shehia na vijiji kama Uzini, Chaani, Kinyasini au Jambiani mara nyingi hayamo kwenye ikisiri. Yamo ndani, kwenye maelezo ya eneo la utafiti. Mwanafunzi wa afya akitafuta jina la kijiji chake pamoja na schistosomiasis anaweza kukuta takwimu za kwao ambazo hata daktari wa kituo hazijamfikia. Vivyo hivyo kwa majina ya kisayansi: akiandika Kappaphycus, jina la jenasi ya mwani, mtafiti wa mwani ataipata makala hata pale ambapo kichwa chake hakikutaja Zanzibar. Mwalimu akishaona haya mara moja, atakuwa mtangazaji wako mkubwa kwa darasa zima.

Fundisha pia wasishushe jarida zima kwa mpigo. Mifumo ya wachapishaji hugundua upakuaji wa aina hiyo na kuifungia anwani ya taasisi yote, pengine wiki ya mitihani. Na makala isihamishiwe kwenye folda ya Drive iliyo wazi kwa kila mtu. Anayeihitaji atumiwe kiungo, aifungue mwenyewe kwa haki yake.

Umefanikiwa ikiwa: mwanafunzi anafika kwenye PDF bila kukuuliza, na akikwama anajua aje na kichwa cha makala na DOI yake (namba ya kudumu ya makala), badala ya kusema tu "haifunguki".

## Hatua ya 8: Hesabu, kisha amua

Mwombe kila mchapishaji ripoti za COUNTER, kiwango cha pamoja cha kuhesabu matumizi. TR_J1 inaonesha makala za kulipia zilizofunguliwa. TR_J2 inaonesha mara ambazo wasomaji wenu walikataliwa. Gawa gharama ya mwaka kwa idadi ya makala zilizofunguliwa, upate gharama ya kila usomaji. Iwapo inazidi bei ya kununua makala moja moja, kifurushi hicho hakina kazi kwenu.

Mimi huanza kuisoma TR_J2, kwa sababu humo ndimo mna mahitaji yaliyokosa jibu. Jarida linalogongewa mlango kila mwezi na wauguzi wa Pemba lina hoja ya kulipiwa kuliko lile alilolipigania mkuu wa idara mmoja.

Fanya hesabu hiyo mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho ya kutoa taarifa ya kujitoa, ili kamati ipate muda wa kukaa na, kwa taasisi za serikali, barua ipite kwa Afisa Mdhamini Pemba inapohitajika. Mkiamua kuliacha jarida, liondoe kwenye KBART, kwenye ukurasa wa viungo na kwenye jadweli siku ile ile linapofungwa, na wapelekee wakuu wa idara orodha ya miaka mnayoendelea kuwa na haki ya kuisoma.